Daftari la Deni na Kivuli cha Mwembe

Njooni, wanangu, sogeeni. Mwembe huu umetupa kivuli, tukitumie kabla jua halijahama. Leo nina kazi moja ya kuwasimulia. Si kazi ya kuchenjua shaba kule Shituru. Si kazi ya kuendesha lori toka hapa Likasi kwenda Lubumbashi, kilomita kama 120. Ni kazi ya kuuliza. Mwenye kazi hiyo huamka na swali, hushinda nalo na hulala nalo: nani anamtegemea nani?

"Tonton, kuuliza nako ni kazi? Mtu analipwa?"

Analipwa. Na wewe uliyeuliza, njoo ukae mbele hapa. Mtoto anayeuliza hivyo ameshaanza kazi yenyewe.

Kabla ya yote tumsikilize Daftari. Daftari gani? Lile la dukani, lenye jalada lililochanika pembe, linaloning'inia kwa kamba karibu na mizani. Mnalipita kila siku mkitumwa chumvi. Hamjawahi kulisikia likisema, kwa sababu hamjaliuliza. Mimi nililiuliza, nalo likanijibu hivi.

"Mimi ni daftari la deni. Siku ya kwanza nilikuwa mweupe, sina doa. Mtu akichukua unga wa bukari bila pesa, wananiandika. Akichukua mafuta, wananiandika. Jina, kitu, kiasi. Nikafikiri hiyo yatosha. Haikutosha.

"Jumatatu waliandika: Mama Mapasa, kilo tano za unga. Alhamisi wakaandika: Mama Mapasa, chupa moja ya mafuta. Mwisho wa mwezi akaja Mama Mapasa kulipa. Wakamsomea unga, akakubali. Wakamsomea mafuta, akaruka. Mafuta? Mimi? Lini? Watu wakajaa. Kumbe barabara hii wanawake waliozaa mapacha ni wawili, na wote wawili wanaitwa Mama Mapasa! Mimi nilijua jina. Mtu mwenyewe sikumjua.

"Mvua haijaisha, familia moja ikahamia Kolwezi. Kijana wa duka akachukua kalamu, akalikata jina lao kwenye ukurasa wa mbele, ule wenye orodha ya wateja. Lakini ukurasa wa 12 deni lao lilibaki. Deni la nani? Hakuna. Likawa linatangatanga ndani yangu kama mtoto aliyeachwa na mama yake sokoni.

"Na la tatu ndilo lililoniumiza. Mzee mmoja alilipa deni lake lote. Baada ya wiki kijana akafungua ukurasa ule ule, akamdai tena. Mzee wa watu akatoa pesa, kwa sababu alimheshimu mwenye duka. Deni lilikuwa limeshakufa. Mbona walilifufua?"

Hayo ni maneno ya Daftari. Mmeona? Hakuna mwizi katika hadithi hii. Mwenye duka ni mtu mwema, kijana wake ni mtu mwema, wateja ni watu wema. Wote wanaandika. Tatizo ni kwamba kabla ya kuandika hakuna aliyekaa chini akauliza: katika duka letu kuna vitu gani? Kila kimoja kinazaliwa lini? Kinaisha lini? Na nani anamtegemea nani?

Sasa chukueni daftari hilo, mlifanye kubwa. Lifanyeni kubwa kama hospitali, yenye wagonjwa, vitanda na dawa. Lifanyeni kubwa kama reli, yenye mabehewa na mizigo. Lifanyeni kubwa kama Gécamines, yenye migodi, malori, mizani na mabamba ya shaba. Au lile la simuni, M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu Kongo mwaka 2012. Yote hayo ni madaftari. Yamehama kutoka karatasini, yakaingia ndani ya kompyuta. Daftari kubwa namna hiyo, pamoja na watu wanaolitumia na kanuni wanazozifuata, linaitwa mfumo wa taarifa.

"Tonton, na mtu anayeuliza anafanya nini hapo?"

Anachora. Mmemwona fundi anayejenga nyumba? Hakimbilii matofali. Kwanza anapiga vigingi, anavuta kamba, anaonyesha: hapa sebule, hapa jiko, hapa mlango. Mama mwenye nyumba anasema, hapana, mlango wa jiko uelekee uani. Kamba inahamishwa bila gharama. Ukuta ukishasimama, kuuhamisha ni machozi. Basi mtu wetu anavuta kamba za kampuni kabla programu haijaandikwa. Kazi hiyo inaitwa kutengeneza modeli ya kampuni.

Nataka mmjue mmoja wa watu hao. Jina lake Monique Snoeck. Ni profesa Ubelgiji, katika chuo kikuu cha KU Leuven. Wazee wa hapa wakisikia Leuven wanakumbuka Lovanium, chuo kikuu kilichoanzishwa Kinshasa mwaka 1954, siku mji ule ukiitwa Léopoldville. Lovanium ni Leuven hiyo hiyo, imetajwa kwa Kilatini. Kwa hiyo anakofanya kazi mama huyu si mbali na sisi kama ramani inavyodai.

Mwaka 1995 Monique Snoeck alimaliza udaktari wake. Humo alikuwa anashughulika na namna moja ya kuchora kampuni; namna hiyo inaitwa MERODE. Mwaka 1998, pamoja na profesa Guido Dedene, alichapisha makala kuhusu swali letu lile lile: kitu gani hakiwezi kuwepo bila kingine. Mwaka 1999 kikatoka kitabu, alichokiandika na wenzake. Mwaka 2014 kikatoka kingine. Hesabuni. Toka 1995 mpaka 2014 ni miaka 19, na swali ni moja. Mtu mwingine angechoka, angeokota swali jipya. Yeye alichimba pale pale, kama mchimbaji aliyeona mshipa wa shaba ukiingia ndani ya jiwe, akasema siondoki hapa. Mimi nampenda mtu wa namna hiyo. Nawaambia wazi.

"Lakini Tonton, alikuwa anachimba nini?"

Tazameni chini. Hiki ni nini?

"Kivuli."

Cha nani?

"Cha mwembe."

Kivuli hiki kilikuwepo kabla ya mwembe? Hapana. Mwembe ukikatwa, kitabaki? Hapana. Na je, naweza kukikunja, nikakibeba, nikaupa mpapai wa jirani?

Mnacheka! Mnacheka kwa sababu mnajua jibu. Mpapai utakuwa na kivuli chake. Hiki ni cha mwembe huu, toka asubuhi kilipozaliwa mpaka jua litakapozama. Basi hapo mmeshika jambo lenyewe. Katika MERODE, kitu kinasemwa kinategemea kingine kwa uhai ikiwa hakizaliwi kabla yake, hakibaki baada yake, na maisha yake yote hakibadilishi wa kumtegemea. Maneno hayo matatu yakitimia, ni kivuli. Moja likikosekana, si kivuli.

Sasa nendeni jikoni kwa macho. Sufuria na mfuniko. Nani anamtegemea nani?

"Mfuniko unategemea sufuria!"

Polepole. Sufuria ikitoboka, mama anautupa mfuniko? Hautupi. Anaufunikia sufuria nyingine, au ndoo ya maji. Mfuniko unahama. Kumbe si kivuli. Unaishi na sufuria, lakini uhai wake ni wake. Na mvuke unaotoka bukari ikiiva? Huo ndio kivuli.

Nawapa la pili, gumu kidogo, maana naona macho yenu yamewaka. Mji wetu, Likasi. Na jimbo letu, Haut-Katanga. Je, mji ni kivuli cha jimbo?

Mmenyamaza. Vizuri, swali hili si la kukimbilia. Mwaka 2015 jimbo kubwa la Katanga liligawanywa manne, ndipo likazaliwa Haut-Katanga. Mwaka mmoja kabla ya hapo Likasi ilikuwepo?

"Ilikuwepo! Mimi nyumba yetu ni ya zamani kuliko hapo."

Basi mji umetangulia jimbo lake la leo. Ulikuwa ndani ya Katanga, sasa uko ndani ya Haut-Katanga, na barabara zake ni zile zile, na reli yake ni ile ile. Mji si kivuli cha jimbo. Na hata jina? Babu zenu waliuita Jadotville, jina la Mbelgiji Jean Jadot. Katika miaka ya 1960 jina la Likasi likashika nafasi. Jina limebadilika, mji umebaki. Ndiyo maana Daftari lilikosea kwa Mama Mapasa. Lilifikiri jina ndilo mtu. Mwenye kuchora kampuni anajifunza mapema kwamba jina ni nguo tu. Watu wawili wanaweza kuvaa nguo moja, na mtu mmoja anaweza kubadilisha nguo.

Na deni sasa? Deni ni kivuli cha nani?

"Cha Mama Mapasa."

Ndiyo. Yupi?

"Yule aliyechukua!"

Ndiyo! Na cha nani tena? Deni linaweza kuwepo bila duka? Haliwezi. Basi deni lina miti miwili: mteja na duka. Lisipokuwa na mmojawapo, halizaliwi. Ukichora hivyo, hakuna atakayeandika deni kwa kutaja jina tu. Kompyuta itauliza: Mama Mapasa yupi? Na ile familia ya Kolwezi? Kijana akitaka kumfuta mteja, mchoro utamwambia: ngoja, mti huu bado una kivuli. Maliza deni kwanza, kwa kulipwa au kwa kusamehe, kisha ndipo umfute mteja.

Sasa nataka mtege sikio, hapa ndipo panaponifurahisha zaidi.

Zamani watu walikuwa na njia nzuri za kuchora vitu. Mwaka 1976 Peter Chen, aliyekuwa Marekani, alionyesha jinsi ya kuchora vitu na uhusiano wake: visanduku na mistari. Mteja, mstari, deni. Mchoro wa Chen ni kama picha ya harusi: wote wamesimama, wametulia. Lakini kampuni haitulii! Watu wanakopa, wanalipa, wanahama. Mwaka 1983 Mwingereza Michael Jackson akaandika kitabu kinachoanza upande wa pili: kwanza simulia maisha ya kila kitu, kinazaliwaje, kinapitia nini, kinaishaje.

"Michael Jackson yule mwimbaji?"

Hapana, mwanangu, ni mwingine. Unaona? Nguo moja, watu wawili. Mwandikaji wetu wa daftari angewachanganya.

Picha ya vitu ni jambo moja, na hadithi ya maisha yake ni jambo la pili. Mara nyingi watu walichora picha leo, wakasimulia hadithi kesho, na viwili hivyo havikupatana. Picha inasema deni lina mteja, hadithi inasema deni linalipwa na mtu asiyejulikana. MERODE inavifunga viwili hivyo kwa kamba moja, na kamba hiyo ni kivuli. Ukishajua nani anamtegemea nani, umejua pia matukio yanamgusa nani. Kwa sababu ukimgusa mtoto, umemgusa mama. Deni likilipwa, duka limeguswa na mteja ameguswa. Huwezi kulipa deni mteja asisikie.

Wanachora jedwali. Juu wanapanga vitu, kando wanapanga matukio. Mmeona ubao wa kisolo, wenye mashimo yaliyopangwa safu kwa safu? Ni kama huo. Katika kila shimo wanaweka alama: tukio hili linakizaa kitu hiki, au linakibadilisha, au linakimaliza. Shimo likibaki tupu, tukio halikigusi. Kukopa kunalizaa deni, kunambadilisha mteja na duka. Kulipa kunalimaliza deni. Na lililokwisha halipokei tukio tena. Yule mzee aliyedaiwa mara mbili angepona hapo hapo.

"Tonton, na kama mmoja anakataa?"

Lo! Swali hilo ni la mtu mzima. Rudia wote wasikie.

"Kama duka linakubali, na mteja hakubali?"

Umeona kikao cha ndoa? Ukoo wa kijana uko upande huu, ukoo wa binti upande ule. Mshenga anauliza. Upande mmoja ukisema bado, hakuna ndoa siku hiyo, hata kama mbuzi ameshafungwa uani. Katika MERODE ni hivyo hivyo. Tukio likibisha hodi, kila kitu kinachohusika kinaulizwa. Mteja, uko katika hali ya kukopa? Duka, je? Wote wakisema ndiyo, tukio linapita. Mmoja akisema hapana, linarudi lilikotoka. Hakuna nusu ndoa. Hakuna nusu deni.

Monique Snoeck ni mwalimu pia, na mwalimu mwema hujiuliza kwa nini mwanafunzi hakuelewa. Vijana wengi wanaoanza kuchora wanachora vizuri kwa macho, lakini hawajui mchoro wao utafanya nini ukiamka. Yeye na wenzake wakatengeneza chombo kinachoitwa JMermaid. Mwanafunzi anachora humo vitu, vivuli na matukio. Kisha anabonyeza, na mchoro unageuka programu ndogo inayotembea. Anaijaribu. Anasema: futa mteja huyu. Programu inakataa. Na uzuri wake ni kwamba, katika utafiti wao, waliifanya isikatae kwa ukali wa askari wa barabarani. Inamweleza kwa nini imekataa na kumwonyesha mahali pa mchoro palipoleta katazo hilo. Mwanafunzi anatazama, anasema aa, kumbe niliandika mimi mwenyewe!

Ningependa kila mwalimu awe hivyo. Nimefundishwa na wengi waliosema hapana tu, nami nikaondoka na hapana yangu bila kujua niiweke wapi.

Kuna jambo lingine nalijali sana, nataka mlisikie kutoka kwangu. Mchoro wa kampuni hauwezi kuchorwa na mtu asiyeijua kampuni. Mtu wa mbali, hata awe na akili ya kupita wote, atalichora duka la kwao. Hajui kwamba barabara moja ina Mama Mapasa wawili. Hajui malori yanapopimwa Shituru, lori moja likipita mizani mara mbili, mara moja likiwa na mzigo na mara moja likiwa tupu, hivyo ni vipimo viwili vya lori moja, wala si malori mawili. Anayejua ni anayeishi hapo. Anayejua ni nyinyi. Na kuna daftari moja la kwetu ambalo natamani mtoto wa Likasi alichore vizuri, kabla mgeni hajatuchorea vibaya.

"Daftari gani?"

Likelemba.

Mama zenu wote wanaijua. Wanawake kumi wa barabara wanakaa, kila mmoja anatoa pesa kila wiki, na kila wiki mmoja anabeba zote. Wiki hii huyu ananunua gunia la mahindi, wiki ijayo yule analipa shule. Haya, chukueni kijiti, choreni hapa mchangani. Kuna vitu gani?

"Mwanachama!"

Sanduku moja. Endelea.

"Mchango. Na zamu."

Mchango ni kivuli cha nani?

"Cha mwanachama aliyetoa. Na cha wiki ile. Hauwezi kuhama."

Vizuri sana. Sikukusaidia hata neno. Na zamu?

"Zamu ni kivuli cha mwanachama. Zamu ya mama ni ya mama."

Wote mnakubali? Mnaitikia. Basi chora mstari.

Huyu mdogo amekunja uso. Mwacheni aseme. Sema, mwanangu, usiogope.

"Tonton, mwezi uliopita dada yangu aliugua. Mama yangu akaenda kwa jirani akamwambia, nipe zamu yako, wewe chukua yangu. Wakabadilishana."

Wakabadilishana?

"Ndiyo. Zamu ilihama."

Nyamazeni kidogo, wote. Tazameni mstari tuliouchora. Zamu ilihama, kama mfuniko. Basi zamu si kivuli cha mwanachama. Mimi mtu mzima nilikuwa tayari kuuacha mstari huu, na wakubwa wenu wote mliitikia. Ufuteni kwa mguu. Zamu ni ya likelemba yenyewe, na kati ya zamu na mwanachama kuna kitu kingine, kidogo, ambacho hatujakipa jina. Kinazaliwa zamu inapogawiwa. Kinakufa watu wanapobadilishana, na kingine kinazaliwa mahali pake.

"Tukiite nini, Tonton?"

Mimi sijui wanawake wanakiitaje. Huenda wana neno lao, maana jambo lenyewe wanalifanya kila mwezi. Kimbia nyumbani kamwulize mama. Mwulize pia, siku ile walipobadilishana, wenzao wanane waliulizwa au hawakuulizwa? Hilo litatuonyesha tukio linamgusa nani. Nenda, sisi tunakungoja. Kivuli kimefika ukutani, lakini bado kinatutosha.